Wimbo wa mwenyekiti wa kijiji: je, ni lazima kiongozi mwanamke aimbwe kama mama?

Mwimbaji wa Uyole:

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wenzangu nawasalimu. Mimi ni mwimbaji na mtunzi, ninaishi Uyole, na kwa miaka kumi na mmoja sasa nimekuwa nikiimba na bendi ndogo inayopiga kwenye harusi, mahafali na sherehe za vikundi vya akina mama kuanzia Mwanjelwa hadi Tukuyu. Nina jambo ambalo nimelizungusha kichwani kwa wiki mbili bila kulipatia jibu, ndiyo maana nalileta kwenu.

Kijiji kimoja kilichopo kwenye miteremko ya Uporoto kilimchagua mwanamke kuwa mwenyekiti katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, na haijawahi kutokea hivyo kijijini hapo. Kamati inayoandaa sherehe ya Siku ya Wanawake, Machi 8, ilinifuata nimtungie wimbo. Sipendi kumwimba mtu nisiyemjua, kwa hiyo nilipanda huko mwenyewe kabla ya kushika kalamu. Nilimkuta ofisini, yaani chumba kimoja chenye meza, mabenchi mawili na ubao mweusi, na ubaoni bado yapo mahesabu aliyoyaandika alipokuwa mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji: jina la kila kaya upande wa kushoto, kiasi ilicholipa katikati, kiasi inachodaiwa upande wa kulia, na chini kabisa jumla iliyopigiwa mistari miwili. Wanakijiji wawili, mwanamume na mwanamke, waliniambia kwa nyakati tofauti kitu kilekile: walimpa kura kwa sababu ya ubao ule, maana kabla yake fedha za maji zilikuwa zinaliwa na hakuna aliyejua zilikokwenda.

Basi nikautungia wimbo ubao. Kiitikio chake kinasema, "Tulisoma ubaoni, tukaelewa, tukampa kura." Kamati iliusikiliza, ikausifu upigaji wake, kisha ikaniomba nibadilishe maneno. Wanataka aitwe mama mlezi, mama mwenye huruma, mama aliyekibeba kijiji mgongoni kama mwana, na ubeti mmoja useme kwamba pamoja na cheo chake hajaacha kumpikia mume wake. Nilipouliza suala la kupika linaingiaje, mjumbe mmoja alinijibu kwamba bila ubeti huo watu watasema ninaeneza ufeministi.

Niuweke wazi msimamo wangu, kwa kuwa siombi ushauri huku nimejificha. Neno hilo silikimbii. Ninaamini mwanamke anastahili kuongoza kwa sababu ni raia mwenye akili timamu, mwenye kazi aliyoifanya na inayoweza kukaguliwa, wala si kwa sababu amezaa. Ninaogopa kwamba tukimwimba kwa huruma yake tu, siku atakapolazimika kumnyima jirani kiwanja au kumkatia maji mdaiwa sugu, ataambiwa si mama tena. Lakini mimi pia nina watoto wawili, na nikiitwa mama sijisikii nimepunguziwa kitu. Je, nibadilishe maneno, au nirudishe fedha ya utangulizi waliyonipa? Na kuna namna ya kuliimba neno "mama" lisigeuke kamba ya kumfunga anayeitwa hivyo?

Mwalimu wa Kwaya, Mafinga:

Marahaba, binti yangu. Kwanza nikutoe hofu kuhusu hilo neno linalowatisha wajumbe wako, kwa sababu wanaodhani kwamba muziki na haki za wanawake vimekutanishwa juzi na watu wa semina hawajui ya kwao. Siti binti Saad alizaliwa katika ufukara huko Fumba, Unguja, akaanza maisha kwa kuuza vyungu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri zake za kwanza. Katika nyimbo zake upo ule wa Kijiti, unaosimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, na jinsi mahakama ya wakoloni ilivyoshindwa kumtendea haki marehemu, hata mashahidi wanawake wakaishia kuadhibiwa wao. Ule ulikuwa wimbo wa taarabu, watu wakauimba majumbani, na ndani yake hukumu ya hakimu ilikosolewa waziwazi.

Kisha utazame mwaka 1955. TANU ilipotaka mwanamke wa kuongoza kitengo chake cha akina mama, ilimpata mwimbaji. Bibi Titi Mohamed alikuwa sauti inayojulikana katika kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam, na aliwaingiza wanawake wengi katika chama kupitia vikundi vya namna hiyo, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao, ada zao, mikutano yao na utaratibu wao wa kuitana. Mimi huwaambia vijana wangu wa kwaya kwamba siasa ya uhuru ilikuta wanawake wameshajipanga ngomani, haikuwapanga yenyewe. Kwa hiyo mtunzi anapozungumzia uongozi wa wanawake hajatoka nje ya kazi yake hata hatua moja.

Ninatofautiana nawe kidogo kuhusu "mama". Katika lugha yetu neno hilo halikai jikoni peke yake. Anne Makinda aliingia bungeni mwaka 1975, akawa mbunge wa Njombe Kusini na Spika wa kwanza mwanamke kuanzia 2010 hadi 2015, na huku kwetu Nyanda za Juu tulimwita Mama Makinda bila mtu yeyote kudhani kwamba tunamwomba huruma. Lilikuwa jina la kumfanya mtu akae vizuri kwenye kiti. Ningekushauri uliache "mama" mahali pamoja, katika salamu ya mwanzo, halafu ubao uendelee na kazi yake katika beti zote zinazofuata. Ubeti wa kupika uukatae. Hakuna mwenyekiti mwanamume ambaye wimbo wake uliwahi kuuliza kama ameacha kupasua kuni.

Mjumbe wa Zamani, Rungwe:

Mwalimu, nakuheshimu, na ninajua umesema kwa nia njema. Niruhusu nisimulie yaliyonipata, ili uone kwa nini dada huyu anahofia neno ambalo wewe unalisikia kama heshima.

Niliingia halmashauri ya kijiji mwaka 2009 kwa kundi la wanawake. Sheria ilikwishataka robo ya wajumbe angalau wawe wanawake, kwa hiyo tulikuwepo kwenye orodha, tulikuwepo kwenye mabenchi, na mahudhurio yetu yalijazwa vizuri. Kikao changu cha kwanza kilianza saa nne asubuhi. Baada ya ajenda ya pili mwenyekiti aliniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Mama, hebu tuangalizie chai." Nikainuka. Jiko lilikuwa nyumba ya tatu kutoka ofisini, kuni zilikuwa mbichi kwa mvua za Rungwe mnazozijua, na nilipata chai baada ya muda mrefu. Niliporudi na birika, ajenda ya kugawa eneo la kijiji lililo kando ya mto ilikuwa imeshapitishwa, na karatasi ya mahudhurio ikasogezwa kwangu. Nilitia saini. Miezi michache baadaye mjane mmoja alikuja nyumbani kwangu kuniuliza kwa nini nami nilikubali kipande alichokuwa akilima kipewe mtu mwingine, kwa kuwa jina langu limo. Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo ninaiona sura yake.

Neno lililonitoa nje ya kikao kile lilikuwa "mama", tena lilisemwa kwa adabu, na ndiyo maana lilinishinda. Kama angenitukana ningebaki kwenye benchi na kubishana naye.

Kikao cha pili nilikuja na chupa ya chai kutoka nyumbani. Niliiweka mezani kabla hajafungua mkutano, nikaketi, na sikuinuka hadi dua ya kufunga. Mwenzangu wa kitongoji cha jirani akaleta vikombe. Baada ya hapo tulianza kusikia ajenda zote, na tulipoanza kusikia tulianza kuuliza.

Baadaye nilikaa kwenye baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Sheria hiyo pia inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Nimeiona ikifanya kazi na nimeiona ikilala, na tofauti ilikuwa ni kama wale wanawake watatu wamekaa chumbani au wametumwa mahali. Kwa hiyo dada yangu, wimbo wako wa ubao ninauelewa hadi mifupani. Ukitunga wimbo mwingine siku moja, tunga wa mwanamke aliyebaki kwenye benchi.

Gitaa la Soweto:

Nami ni mwanamuziki, niko Soweto hapahapa Mbeya, na nitasema upande ambao wengine wanaweza wasiupende, ingawa nausema kwa heshima kwa shangazi wa Rungwe, ambaye simulizi yake imenigusa.

Wimbo wa kuagizwa una mwenyewe. Kamati imetoa fedha, kamati itausikiliza, na bibi zetu watakaokaa mstari wa mbele wanatakiwa kuuitikia. Kiitikio kinachohitaji mtu aelewe habari ya mahesabu kabla hajainuka kucheza kitawaacha wamekaa. "Mama" lina silabi mbili, linafunguka mdomoni, na kila mtu ana wa kwake wa kumkumbuka. Hiyo nayo ni elimu ya kazi yetu, tusiidharau.

Kuhusu ufeministi, mimi naona ni fikra iliyokuja na mambo ya Beijing, na sisi wa Mbeya tumeshavuka hapo kwa njia zetu. Jimbo la Mbeya Mjini liliongozwa kwa miaka kumi na mwanamuziki mwenzetu, Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, kuanzia 2010, na mwaka 2020 likachukuliwa na mwanamke, Tulia Ackson, ambaye Februari 2022 alikuwa Spika na Oktoba 2023 akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Rais wa nchi ni mwanamke tangu Machi 19, 2021. Nani bado anahitaji kushawishiwa kwa nyimbo? Tunapolikazania sana jambo ambalo limeshakubalika tunawatia watu ubishi.

Dada wa Kihesa, Iringa:

Kaka wa Soweto, nashukuru kwa kusema wazi, kwa sababu hoja yako ndiyo ninayoisikia kila siku, hata kwa watu wazuri. Nitaijibu kwa marefu kidogo.

Kwanza hiyo Beijing. Mkutano wa wanawake wa mwaka 1995 uliofanyika huko ulikuwa na Katibu Mkuu wake, naye alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye mwaka 2004 alikuja kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Sisi ndio tuliogeuza jina la mji ule kuwa neno la kumkebehi mwanamke anayesema, ilhali aliyekalia kiti cha mbele ni dada yetu. Siwezi kukubali kwamba ni fikra tuliyoletewa na wageni.

Pili, umetaja vyeo, na vyote ni kweli, lakini uangalie njia zilizofikisha watu huko. Rais Samia aliapishwa kwa mujibu wa ibara ya 37(5) ya Katiba, kwa kuwa alikuwa Makamu wa Rais wakati Rais Magufuli alipofariki. Wanawake wengi bungeni wameingia kwa viti maalumu, ambavyo ibara ya 66 inataka visipungue asilimia thelathini ya wabunge waliotajwa humo. Utaratibu huo ninauunga mkono, na umefungua milango ambayo isingefunguka yenyewe. Lakini mwanamke anayesimama kwenye jimbo au kijiji, akapambana na wanaume kwenye karatasi moja ya kura na kuwashinda, bado ni jambo la kuhesabika. Mwenyekiti wa Uporoto amefanya hilo. Kamati inapotaka aimbwe kwa kupika inamwondolea kile hasa alichokishinda.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa, naomba tumtazame mwanamuziki mmoja wa Nigeria, Fela Kuti. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, aliwaongoza maelfu ya wanawake wa Abeokuta kupinga kodi waliyotozwa na utawala wa kikoloni kupitia mtawala wao wa jadi, hadi mtawala huyo, Alake, akalazimika kuachia kiti kwa muda mwaka 1949. Fela alilelewa katika nyumba hiyo. Askari walipovamia makazi yake Lagos mwaka 1977 walimtupa mama yake kutoka dirishani, akafariki mwaka uliofuata, na mtoto akamlilia kwa muziki wenye hasira ambayo hadi leo inasisimua. Hakuna anayeweza kusema Fela hakumpenda wala kumheshimu mama yake. Lakini ni Fela huyohuyo ambaye mwaka 1972 alitoa wimbo "Lady", unaomsifu mwanamke wa Kiafrika anayejua kwamba mume ndiye bwana na kumpikia, na unaomcheka yule anayejiona sawa na mwanamume. Nimeusikiliza mara nyingi. Upigaji wake ni wa ajabu, na kila mara ninajiuliza ilikuwaje mtoto wa Funmilayo auandike.

Jibu nililolifikia ni kwamba mtu anaweza kumtukuza mama yake bila kuwahi kumkubali mwanamke kama mwenzake. Mama yuko juu yetu, tunamwinamia, na kuinama huko hakutugharimu nafasi yoyote mezani. Mwanamke raia yuko sawa nasi, anataka kiti, anataka kura, anataka hesabu, na huyo ndiye anayetusumbua. Kamati yako, dada wa Uyole, iko tayari kabisa kumwinamia mwenyekiti wake, na kwa hiyo ubeti wa kupika haukuwajia kwa bahati mbaya, kwa kuwa ni ubeti uleule wa Lagos umefika Uporoto kwa njia yake.

Na kuna upande ambao hata sisi tunaowatetea wanawake huusahau. Mtoto hamkagui mama yake. Mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa ili mwanakijiji asimame na kuuliza fedha zimekwendaje, na aulizwe mwanamke kama anavyoulizwa mwanamume. Kama tumeshaimba kwamba ametubeba mgongoni, anayesimama kuuliza ataonekana mtovu wa adabu. Wimbo wa ubao unamlinda mwenyekiti akifanya vizuri, na unamshika akifanya vibaya, kwa maneno yaleyale. Mimi ufeministi ninaouamini unataka vyote viwili. Sitaki kiongozi mwanamke asamehewe kwa kuwa ni mwanamke, na ninajua mwenyekiti aliyeandika madeni ya majirani zake ubaoni hataki pia.

Gitaa la Soweto:

Habari ya Fela nilikuwa naijua nusu, nusu ya "Lady" tu, na nimeipiga ile gitaa yake jukwaani mara nyingi bila kuyatafakari maneno. Hoja ya mtoto kutomkagua mama yake nimeikubali. Bado nasimama kwenye suala la kiitikio: lazima bibi waweze kukiitikia mara ya kwanza wanapokisikia. Dada wa Uyole, jaribu kulivunja: wewe uimbe "Tulisoma ubaoni", wao waitikie "Tukaelewa" peke yake, mara mbili, ngoma ikipanda. Neno hilo moja litatosha kuwainua.

Mwimbaji wa Uyole:

Nawashukuru wote, na nimechelewa kurudi kwa sababu nilipanda tena kijijini.

Shangazi wa Rungwe, nililia niliposoma habari ya birika, kisha nikaandika ubeti mpya unaosema, "Akaja na chupa yake, akaketi." Mwalimu, nimefuata ushauri wako kwa nusu: "Mama mwenyekiti, twakusalimu" ipo mwanzoni kabisa, mara moja, kama ambavyo mtu angemsalimu akiingia ofisini kwake, na baada ya hapo anaitwa kwa cheo chake. Kaka wa Soweto, "Tukaelewa" nimeijaribu na akina mama wanne wa jirani hapa Uyole, na walikuwa wamesimama kabla sijafika ubeti wa pili. Ubeti wa kupika nimeukataa. Niliwaambia kamati kwamba nitarudisha fedha yao kama hawaridhiki, na nikawaeleza ile habari ya mtoto na mama na mkutano mkuu. Wawili walikubali, mmoja amenuna, na sherehe inaendelea.

Kisha nikaenda kumwimbia mwenyekiti mwenyewe. Nilihisi ni vibaya tunabishana juu yake bila yeye kuusikia. Alikuwa akifunga ofisi, akasikiliza wimbo wote akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Hakusema lolote kuhusu mama, wala mlezi, wala kupika. Alisema ubeti wa tatu una kosa: nimeimba kwamba madeni yaliyokusanywa ni laki tisa, ilhali ni shilingi 840,000. Akafungua mlango tena, akaniingiza ndani, akaweka kidole kwenye jumla iliyopigiwa mistari miwili, akangoja hadi nikaisoma kwa sauti.

Tangu jana ninatafuta namna ya kuingiza "laki nane na arobaini" mahali palipokuwa na "laki tisa". Silabi nne zimekuwa kumi, na kuikata hataki. Kaka wa Soweto, kama una nafasi Jumamosi mchana, tafadhali njoo na gitaa, kwa sababu ubeti ule sasa unahitaji mapigo mawili zaidi kabla hatujaingia kwenye kiitikio.